Mtaalamu wa lishe: cheo, kazi na mipaka yake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari na mwandishi wa Uingereza, Ben Goldacre, alituma maombi ya uanachama katika chama kimoja cha washauri wa lishe cha Marekani. Ada ililipwa na cheti kikaja. Jina lililoandikwa juu yake halikuwa la Goldacre. Lilikuwa la paka wake, Henrietta, ambaye wakati huo alikuwa ameshakufa.

Goldacre alitaka watu waone kwamba cheti kile kilikuwa kikitumiwa kujipatia heshima mbele ya umma huku nyuma yake hakuna mtihani wala ukaguzi. Kisa kinachekesha, ila kinatuachia swali zito: mtu akisema "mimi ni mtaalamu wa lishe", ametuambia nini hasa? Anaweza kuwa mtu aliyesoma miaka mitano na kupitia wodi za hospitali. Anaweza pia kuwa mtu aliyepungua uzito mwaka jana, akapenda namna anavyoonekana, akafungua ukurasa mtandaoni. Wote wawili watatumia cheo kilekile, na katika nchi nyingi hakuna sheria itakayomzuia yule wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaalamu wa lishe anafanya nini, inabidi tujue cheo hicho kinabeba nini ndani yake.

Cheo kimoja, kazi kadhaa

Lishe ni elimu ya safari ya chakula mwilini: kinavyosagwa, kinavyofyonzwa, kinavyotumika kujenga na kuendesha mwili, kinavyohifadhiwa, na kinachotokea kikizidi au kikipungua. Aliyeisomea rasmi hupitia biolojia, baiokemia, fiziolojia, takwimu na elimu ya tabia za watu, kisha huchagua njia. Wapo wanaokwenda hospitalini kutibu wagonjwa kwa chakula. Wapo wanaofanya kazi na jamii nzima kupitia serikali na mashirika. Wengine huenda kwenye timu za michezo, viwanda vya chakula, maabara na vyuo.

Lugha kadhaa, Kiingereza ikiwemo, zina cheo cha pekee kwa yule wa hospitalini, na kingine kipana kwa waliobaki. Sisi kwa kawaida tunawaita wote mtaalamu wa lishe au afisa lishe, na tukitaka kumtofautisha yule wa wodini tunasema mtaalamu wa lishe tiba. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mbele ya sheria ni kubwa mno.

Uingereza, kwa mfano, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba kinalindwa na sheria. Hakuna anayeruhusiwa kukitumia bila kusajiliwa na Health and Care Professions Council, na anayekitumia kwa udanganyifu anatenda kosa la jinai. Cheo kile kingine kiko wazi. Upo usajili wa hiari unaosimamiwa na Association for Nutrition, na walio humo wamekaguliwa elimu yao, lakini asiyekuwemo havunji sheria akijiita vivyo hivyo. Australia sheria hailindi cheo hata kimoja kati ya hivyo viwili. Chama cha wataalamu wenyewe ndicho kinachotoa ithibati. Kenya ilichukua njia nyingine: sheria ya mwaka 2007 iliunda Kenya Nutritionists and Dieticians Institute, na makundi yote mawili yanasajiliwa hapo. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, lakini ipo sifa ya kitaifa inayotolewa na Commission on Dietetic Registration. Kuipata kunahitaji angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, kufaulu mtihani, na tangu tarehe 1 Januari 2024 shahada ya uzamili.

Ukisoma sheria hizi pamoja unagundua kwamba elimu ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni uwajibikaji. Mtu aliyesajiliwa akimshauri mgonjwa vibaya, kipo chombo cha kumhoji na kumfutia usajili. Asiyesajiliwa popote hana cha kupoteza zaidi ya wafuasi.

Fani ilizaliwa na magonjwa

Mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita ya Salisbury, daktari wa meli James Lind alichukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa tiba yake. Baadhi ya tiba hizo leo tungezicheka. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Lind alichapisha matokeo mwaka 1753, lakini Jeshi la Majini la Uingereza halikuanza kugawa maji ya limau kwa utaratibu hadi mwaka 1795. Miongo minne ilipita huku mabaharia wakiendelea kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa inaning'inia mtini. Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini fani hii ipo: kujua chakula kinachoponya ni jambo moja, kumfikishia anayekihitaji ni kazi nyingine kabisa.

Baadaye akaja Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Java. Aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, na wakipona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Kitu kilikuwa kinatupwa na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk alivipa vitu vya namna hiyo jina ambalo limekuwa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Hopkins. Kuhusu taaluma yenyewe, mwaka 1917 Lenna Cooper na Lulu Graves waliwakusanya wenzao mjini Cleveland, Marekani, wakaunda chama cha kwanza kikubwa cha wataalamu wa lishe nchini humo. Ilikuwa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na swali lililowakutanisha lilikuwa la kivitendo: namna ya kulisha watu vizuri chakula kikiwa haba.

Kinachofanyika mkikutana

Wengi huenda kwa mtaalamu wa lishe wakitarajia karatasi: hivi kula, hivi acha. Akianza na karatasi hiyo, shaka ianze hapohapo. Kazi ina hatua nne, na ushauri ni wa tatu. Kwanza anatathmini, kisha anatambua tatizo, kisha anaingilia kati, halafu anafuatilia kuona kama kimebadilika kitu.

Tathmini huanza na mwili. Uzito, urefu, mzunguko wa kiuno, wakati mwingine nguvu za mkono unapokamata kitu. Kipimo kinachojulikana zaidi ni uwiano wa uzito na urefu: unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 64 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 64 gawanya kwa 2.56, yaani 25, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuhesabu uzito uliozidi kwa mtu mzima. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Hesabu hii ni rahisi, na urahisi wake ndio unaoponza. Haijui kutofautisha msuli na mafuta. Haijui kwamba mgonjwa wa moyo amevimba miguu na sehemu ya kilo zake ni maji. Mtaalamu anayejua kazi huitumia kama mlango wa kuingilia, halafu anauliza swali lenye maana zaidi: uzito wako miezi sita iliyopita ulikuwa kiasi gani? Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia anahitaji kuangaliwa kwa makini, hata kama bado anaonekana mnene.

Kisha vinakuja vipimo vya damu vilivyoagizwa na daktari, dalili zinazoonekana kwa macho (midomo iliyochanika pembeni, kucha zilizobonyea, nywele zinazong'oka kirahisi), orodha ya dawa anazotumia mtu, na mwisho sehemu ngumu kuliko zote, ambayo ni kujua mtu huyu anakula nini.

Ugumu wake ni kwamba hakuna anayekumbuka. Ukimuuliza mtu anakula nini atakujibu "kawaida tu", na hasemi uongo. Ndiyo maana kuna mbinu ya kukumbuka saa 24 zilizopita, inayofanywa kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza mtu anataja haraka alichokula tangu jana, bila kukatizwa. Wa pili anaulizwa kuhusu vitu vinavyosahaulika: vinywaji, vitu vya kutafuna njiani, sukari kwenye chai, kijiko cha kuonja jikoni. Wa tatu ni saa na mahali. Wa nne ni undani, yaani kilipikwa vipi, mafuta kiasi gani, bakuli la ukubwa gani, na hapo hutolewa vikombe, vijiko na picha ili kiasi kipimwe kwa macho. Wa tano ni swali la mwisho: kuna kingine? Mara nyingi kipo.

Chukua mfano wa mama aliyeambiwa ana upungufu wa damu. Anameza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi miwili na damu haipandi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Vidonge unameza saa ngapi, mama?"

"Asubuhi, kila siku. Siachi hata siku moja."

"Unameza na nini?"

"Na chai."

Hapo pameshika. Chai ina vitu vinavyokamata madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, hasa yale yatokayo kwenye mimea, na inaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Hakuna haja ya kumkataza chai mtu aliyeinywa maisha yake yote. Vidonge vinahamishiwa kwenye maji, na tunda lenye vitamini C pembeni kwa sababu vitamini hiyo husaidia chuma kuingia, kisha chai inasogezwa mbali na mlo kwa saa moja au zaidi. Mtaalamu huyohuyo ataandika pia kwamba mama arudi kwa daktari, maana damu inaweza kuwa inapotea kwa hedhi nzito, kwa minyoo au kidonda tumboni, na chai ikawa sehemu ndogo tu ya hadithi. Kisha atampangia tarehe ya kupima damu tena. Bila tarehe hiyo, yote yaliyotangulia ni maneno mazuri tu.

Ukitazama faili utaona hatua ya pili, ile ya kutambua tatizo, imeandikwa kwa namna yake. Daktari ameandika jina la ugonjwa. Mtaalamu wa lishe ameandika tatizo la lishe, chanzo chake na ushahidi wake: ufyonzwaji mdogo wa madini ya chuma, unaotokana na kumeza vidonge pamoja na chai, unaothibitishwa na maelezo ya mgonjwa na kiwango cha damu kisichopanda kwa miezi miwili. Sentensi hiyo ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Inataja chanzo ambacho chakula kinaweza kukigusa, na inataja kipimo kitakachoonyesha kama ushauri umefanya kazi.

Wodini, chakula ni dozi

Nje ya hospitali, ushauri wa lishe kwa mtu mwenye afya unafanana sana kutoka kinywa kimoja hadi kingine: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, chumvi kidogo, sukari kidogo. Hospitalini mambo yanageuka, na wakati mwingine chakula kinachosifiwa kila mahali kinakuwa hatari.

Mgonjwa wa figo ndiye mfano wangu wa kila mara. Ndizi, machungwa, nyanya na viazi vina potasiamu nyingi, jambo zuri kwa wengi wetu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, ikarundikana kwenye damu, na potasiamu ikipanda mno moyo hupoteza mapigo yake na unaweza kusimama. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe tiba anafanya kazi na vipimo vya damu mkononi: anapunguza vyakula hivi pale tu vipimo vinapodai, anamfundisha mpishi wa nyumbani kukata viazi vipande vidogo, kuvichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga maji hayo, kwani sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Anakataza pia ile "chumvi mbadala" inayouzwa kwa wenye shinikizo la damu, ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu yenyewe.

Protini nayo ina kigeugeu chake. Mgonjwa wa figo ambaye bado hajaanza kuchujwa damu kwa mashine huwekewa kiasi cha wastani au cha chini, takriban gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 36 hadi 48. Siku akianza kuchujwa damu kwa mashine, ushauri unapinduka: sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, yaani 60 hadi 72, kwa sababu mashine inaondoka na sehemu ya protini na mwili unaila misuli yake. Mgonjwa asiyeelezwa sababu huona amechezewa. "Mwaka jana mlinikataza nyama, leo mnanilazimisha." Kumweleza ikamwingia ni sehemu ya tiba.

Hatari kubwa zaidi, na ambayo watu wa nje hawaifikirii, ni kumshibisha mtu aliyekuwa na njaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari waliona watu waliotoka kwenye njaa ya muda mrefu wakipewa chakula tele, kisha wakizidiwa na wengine kufa. Mwili uliokaa bila chakula unaishi kwa kuchoma mafuta yake, na akiba yake ya fosfeti, potasiamu na magnesi inakuwa imekwisha chini kwa chini bila kuonekana kwenye vipimo. Wanga ikiingia ghafla, insulini hupanda, na madini haya hukimbilia ndani ya seli. Damu hubaki tupu. Moyo na misuli ya kupumulia hukosa nguvu. Ndiyo maana mtu aliye katika hatari kubwa huanzishwa polepole: mwongozo unaotumika Uingereza unasema asipewe zaidi ya kilokalori 10 kwa kilo kwa siku mwanzoni, kisha apandishwe ndani ya siku 4 hadi 7, na vitamini B1 itangulie kabla ya chakula. Kwa mtu wa kilo 50 ni kilokalori 500, takriban robo ya mahitaji ya kawaida ya watu wazima wengi. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda huona mgonjwa wake ananyimwa. Lazima mtu amkalishe amweleze.

Kwa watoto wenye utapiamlo mkali mantiki ni hiyohiyo. Katika siku za kwanza hupewa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, yakiwa na protini kidogo. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo anahamishiwa kwenye F-100 au kwenye lishe tiba ya pakiti iliyotengenezwa kwa karanga, maziwa, mafuta, sukari na mchanganyiko wa vitamini na madini.

Kuna mengine mengi ya wodini: mtu aliyepata kiharusi asiyeweza kumeza na anayelishwa kwa mrija wa puani, mtoto mwenye kifafa kisichosikia dawa anayewekwa kwenye mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, anayeelezwa kwamba mboga za majani hazijakatazwa ila asizile nyingi leo na kuziacha wiki nzima, kwa kuwa vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa na dozi imepangwa kwa kuzingatia ulaji wake wa kila siku.

Wasioona mgonjwa hata mmoja

Tawi la lishe ya jamii halipigwi picha sana, na nadhani ndilo limeokoa watu wengi zaidi. Wataalamu wake hawana chumba cha ushauri. Mgonjwa wao ni idadi ya watu.

Madini joto ni ushahidi wa wazi. Yakikosekana kwenye udongo hukosekana kwenye mazao, na watu wa eneo zima wakapata rovu, huku watoto wao wakizaliwa na akili iliyodumaa. Hakuna ushauri wa mtu mmoja mmoja ungemaliza tatizo hilo. Uswisi ilianza kutia madini hayo kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani ikafuata mwaka 1924, na leo ni utaratibu wa kawaida katika nchi nyingi.

Foliki asidi ina hadithi ya kuvutia zaidi kwa sababu ya muda. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya takriban siku 28 tangu mimba itungwe. Wanawake wengi katika siku hizo bado hawajajua kama wana mimba. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Medical Research Council ya Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto ambaye mfereji huo haukujifunga, foliki asidi ilipunguza kurudia kwa hitilafu hiyo kwa takriban asilimia 70. Ushauri kwa wanawake kwa jumla ukawa mikrogramu 400 kwa siku kabla ya mimba. Lakini kidonge cha kabla ya mimba hakimfikii ambaye hakupanga mimba. Suluhisho likawa kukitia kirutubishi kwenye unga, na Marekani ikalifanya kuwa lazima mwaka 1998. Hapo mtaalamu wa lishe alikaa na mwenye kinu, mwanasheria na mhasibu wa serikali, wakabishana kuhusu miligramu kwa kilo ya unga.

Wa tawi hili pia ndio wanaozunguka na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa juu wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni wa wastani. Utepe una rangi, hauhitaji umeme wala mahesabu, na mama mwenyewe anaweza kufundishwa kuutumia.

Mipaka, na wanaoivuka

Mtaalamu wa lishe kwa kawaida hatambui ugonjwa mpya wala haandiki dawa. Katika baadhi ya nchi wa hospitalini wana ruhusa ya kurekebisha vitu vichache, lakini hilo ni kwa mafunzo ya ziada na kibali. Akihisi kitu anakurudisha kwa daktari. Anayekuambia uache insulini au dawa za shinikizo kwa sababu ya mlo wake amevuka mpaka, hata kama mlo wenyewe ni mzuri. Kweli wapo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopungua uzito hadi dawa zikapunguzwa. Zilipunguzwa na daktari, kwa vipimo, kidogo kidogo.

Wanaojipachika cheo hiki wana desturi zinazofanana. Wanauza. Ushauri unaishia kwenye kopo la unga au chupa ya matone ambayo, kwa bahati ya ajabu, yanapatikana kwao tu. Wanaahidi kusafisha sumu mwilini bila kutaja sumu ipi, wakati ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila malipo. Wengine wana kipimo cha damu cha "vyakula vinavyokudhuru" kinachohesabu kingamwili za aina ya IgG, kisha wanatoa orodha ndefu ya kuacha. Kingamwili hizo huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na chakula hicho. Hazionyeshi kwamba kinakudhuru, na vyama vya wataalamu wa mzio vimeshauri kipimo hicho kisitumike. Mtu mwenye afya anaweza kutoka hapo akiwa ameacha maziwa, ngano na mayai, akaanza kupungukiwa na virutubishi ambavyo hakuwa na tatizo navyo.

Lipo pia lalamiko la haki linaloelekezwa kwa wataalamu halisi: kwamba kila mwaka wanabadilisha kauli. Mayai yalikuwa mabaya, sasa yameruhusiwa. Ni kweli miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 iliondoa kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku kilichokuwepo awali, kwani ushahidi ulionyesha kwamba kwa watu wengi mafuta magumu kwenye mlo hupandisha lehemu ya damu kuliko lehemu iliyo ndani ya chakula. Huwezi kuwafungia watu elfu moja miaka 20 na kuwalisha kwa kipimo, kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu hii hukusanywa kwa kuwafuata watu wanaoishi maisha yao, wanaosahau walichokula na wanaobadilika njiani. Mtaalamu mzuri hukuambia lipi lina uthibitisho wa miaka mingi na lipi ni dalili tu. Anayetapeli ana uhakika na kila kitu.

Ukitaka kumwona mmoja, muulize amesajiliwa wapi, kisha angalia mwenyewe kama jina lake limo. Vyombo vingi vya usajili vina orodha iliyo wazi kwa umma. Uliza kama anapata chochote kwa bidhaa anazopendekeza. Nenda na majibu yako ya vipimo na orodha ya dawa. Andika ulichokula kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mwisho wa wiki, na uandike papo hapo badala ya kusubiri usiku, bila kula "vizuri" kwa ajili yake. Kama unatumia virutubisho vya ziada, beba chupa zenyewe, maana vitamini A inaweza kuwemo kwenye chupa tatu tofauti bila wewe kujua, na kwa mjamzito kiasi kikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni.